Mahindi yamerudi kijani, mbona magunzi matupu?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nina ekari tatu za mahindi hapa Kongwa, nilipanda katikati ya Desemba. Februari jua liliwaka karibu wiki tatu mfululizo, mbelewele ndiyo zinatoka. Mvua iliporudi, muuza pembejeo aliniuzia busta ya kupuliza kwenye majani, chupa mbili. Shamba likawa kijani kabisa. Sasa nikimenya nakuta punje za kuhesabu. Busta ilikuwa feki, au nilichelewa kupuliza?

JIBU: Marahaba. Hata kama busta ni halisi, na hata ungepuliza wiki moja kabla, magunzi yangetoka hivyohivyo. Swali hili hunijia kila mvua ya Februari inapokatika huku Dodoma. Ukame tumeuzoea, kinachoniumiza ni imani kwamba shamba likirudi kijani limepona. Majani hupona, ndiyo. Punje iliyokosa kutungwa haina siku ya pili.

Ukimenya hindi changa utaona kila unywele umeshikana na punje yake moja. Unywele huo karibu wote ni maji, na hurefuka kwa msukumo wa maji. Maji yakipungua, nywele huchelewa kutokeza nje ya maganda. Mbelewele, ua dume la kileleni, haizisubiri: humwaga chavua, poda inayotungisha punje ikidondokea nywele, kwa muda wa wiki hivi ikamaliza, na kwenye jua kali chavua hufa ndani ya saa chache. Nywele zikichungulia mbelewele imeshakauka, hakuna tena cha kuzidondokea.

Msimu ujao, siku chache baada ya chavua kumwagika, menya hindi moja taratibu bila kuvuta nywele, lishike kitako, litikise. Nywele za punje zilizotungwa zitaanguka. Zinazong'ang'ania ni za punje zilizokosa chavua. Kama punje zimejaa chini ila ncha ina vipunje vyeupe vilivyosinyaa, hilo ni jambo jingine: zilitungwa, kisha zikafa njaa. Mzizi ukiona udongo umekauka hupeleka taarifa juu, jani likafunga vijitundu vyake ili maji yasipotee. Hewa ambayo jani huitumia kutengeneza sukari hupita kwenye vijitundu hivyohivyo. Sukari ikipungua, mmea huzitelekeza punje za ncha kwanza.

Majaribio ya Iowa, Marekani, yaliyochapishwa mwaka 1960, yalionyesha kuwa mahindi yaliyokosa maji wakati wa nywele yalipoteza kama nusu ya mavuno. Yaliyokosa maji kabla ya hapo yalipoteza robo.

Sasa chupa inaingia wapi? Kama shamba lina upungufu wa zinki, busta yenye zinki itasaidia upungufu huo, basi. Haiongezi maji ardhini wala haifufui chavua. Lakini muuzaji anajua mvua itarudi, majani yatanyooka, na sifa itakwenda kwenye chupa. Mwaka unaofuata anakuja na chupa ya bei kubwa zaidi, na wewe ndiye shahidi wake. Nimeona watu wanauza mbuzi kununua dawa hizi, na inanikera sana.

Fedha hiyo ingelipa vibarua wa kufunga matuta kwa vizuizi vya udongo kabla ya mvua za kwanza, ili maji yasikimbie. Ingenunua mbegu ya muda mfupi kama Stuka. Na ekari moja ipe mtama, Macia kwa mfano: mtama ukikosa maji hutulia, mvua ikirudi huendelea.

Wengine watakushauri umwage mbolea ya urea jua likiwaka. Naitrojeni, chakula cha mmea kilichomo kwenye urea, huingia mzizini pamoja na maji. Kwenye udongo mkavu haiendi popote, na urea iliyolala juu sehemu yake huweza kupotelea hewani. Ile iliyowahi kuingia, mmea hauwezi kuitumia, hivyo hujikusanya kama naitreti, zaidi kwenye sehemu ya chini ya bua. Ng'ombe akila mabua hayo kwa wingi damu yake hushindwa kubeba oksijeni, na anaweza kufa siku hiyohiyo. Kwa hiyo kama uliweka urea na unataka kuwakatia ng'ombe mabua, subiri angalau wiki moja tangu mvua irudi, kata ukiacha futi moja ya shina shambani, na wape kidogokidogo wakiwa wameshakula nyasi. Mwenye njaa usimfungulie shambani.