Re: Picha ya fataki za Ryōgoku, ni ya zamani au nakala?

Habari ndugu. Umeuliza kama picha uliyouziwa, ile ya fataki juu ya daraja la Ryōgoku na mashua za starehe mtoni Sumida, jijini Tokyo, ni chapa ya ubao wa kuchongwa ya msanii Mjapani Hiroshige ya 1858 au nakala.

Anza na lenzi ya kukuzia. Tazama anga la usiku: ukiona vidoti vidogo vilivyojipanga, hiyo imetoka mashineni, basi. Kama hakuna vidoti, geuza karatasi. Mchapaji huilaza juu ya ubao wenye rangi na kuisugua mgongoni, hivyo rangi hupenya hadi nyuma.

Hapo wengi hushangilia mapema. Katika karne ya 20 mafundi wa Japani walichonga upya mbao za picha hizihizi na kuzichapa kwa mkono. Rangi kupenya inathibitisha mkono, si umri.

Ninapoletewa chapa kama hiyo, kinachonisaidia zaidi ni mistari. Brooklyn Museum, makumbusho ya New York, wana seti nzima ya mfululizo wenye picha hii, uitwao Mandhari 100 Maarufu za Edo (Edo ni jina la zamani la Tokyo), na picha zake zimo mtandaoni. Linganisha yako na ya kwao: fuata nguzo za daraja, kingo za mashua, herufi za jina la Hiroshige. Ubao mwingine hauwezi kurudia kila mkato. Tafuta pia pambizoni alama ya mchapishaji Uoya Eikichi, ingawa pambizo nyingi zilikatwa, hata za chapa za kweli.

Bei sitaigusa kabla ya kuona mgongo wake. Tafadhali usiisafishe wala kuibandika kwenye kadibodi. Weka hapa picha ya nyuma na ya pambizo.