Dogo anataka uhandisi halafu mnamjazia PCB? Soma hapa kwanza

Mkuu, usikubali. Umeandika kwamba mdogo wako yuko kidato cha nne hapo Igoma, sayansi zote anazipiga vizuri, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 haongei kingine zaidi ya kuwa mhandisi wa ujenzi. Halafu mwalimu wake kamwambia ajaze PCB kwenye selform, ile fomu ya kuchagua tahasusi (masomo ya kidato cha tano na sita) na vyuo, kwa sababu "PCB inafungua milango yote". Umeuliza na mengine, bweni au kutwa, kozi ya kompyuta, namna ya kumwandaa kwa ajira. Hayo baadaye. Hilo la PCB ndilo limenifanya niache nilichokuwa nafanya nikae niandike.

PCB haifungui mlango wa uhandisi wa ujenzi. Anayetoka kidato cha sita akitaka kozi hiyo anadaiwa prinsipo, yaani ufaulu wa somo kuu, ya Fizikia na prinsipo ya Hisabati ya advansi. PCB ina Fizikia, Kemia na Baiolojia. Hisabati anayokutana nayo mtu wa PCB ni BAM (Basic Applied Mathematics), na BAM ni somo la ziada, haihesabiwi kuwa prinsipo hata aipasue namna gani. Kwa hiyo dogo anaweza kutoka na daraja la kwanza safi kabisa, akaitwa mbele ya shule akapigiwa makofi, na bado mfumo ukamkataa. Siyo kwamba hana akili. Hana somo.

Najua kwa sababu ndivyo ilivyonitokea. Nilisoma shule moja hapa hapa Mwanza, siitaji. Mwalimu wa taaluma alitukusanya waliofaulu sayansi akatuambia vichwa vyote viende PCB, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) ni ya kubahatisha, watu wanafeli hesabu wanarudi nyumbani. Nikamuuliza kuhusu uhandisi, akasema "ukiwa na PCB unasoma chochote, wewe faulu tu". Nikamwamini. Nyumbani nani angembishia? Mama anauza dagaa Mwaloni pale Kirumba, mwalimu akisema kitu kwake kimesemwa. Mjomba naye akaongezea lake, kwamba ukoo unahitaji daktari na Bugando iko hapo juu ya kilima inasubiri. Mimi damu yenyewe siwezi kuitazama.

Nikasoma, nikafaulu. Matokeo yakatoka Julai, nikaenda steshenari moja Nyakato kuomba chuo. Kijana wa pale anaingiza namba yangu ya mtihani, mimi nimesimama nyuma yake na simu ya mama mkononi. Orodha ikashuka: kilimo, uvuvi, maabara, uuguzi, ualimu. Nikamwambia shusha tena, tafuta uhandisi wa ujenzi. Akautafuta, akaufungua, akaniwekea kidole kwenye kioo palipoandikwa Hisabati ya advansi. Akaniuliza, "Kaka, hii unayo?" Watu wa foleni wote wakanyamaza kusikiliza.

Mkuu, ile karatasi ya masharti ilikuwepo miaka yote. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanatoa mwongozo wa udahili kila mwaka, uko wazi kwenye tovuti yao, kila chuo na kila kozi na masomo inayodai. Mwalimu wa taaluma kazi yake ni hiyo. Hakuwahi kuufungua. Alikuwa anatushauri kwa alichosikia enzi zake na kwa sifa ya shule, maana ubaoni ofisini mwao wanaandika wangapi wamekwenda udaktari. Mpaka leo hili linaniuma, na naambiwa bado anawapanga watoto vilevile. Mtu mzima, mwenye simu yenye intaneti mfukoni, anaamua maisha ya watoto wa watu bila kusoma ukurasa mmoja!

Njia niliyobaki nayo ilikuwa kuanza stashahada ya ufundi ujenzi, miaka mitatu, darasa moja na watoto waliotoka kidato cha nne moja kwa moja. Hapo ndipo panapouma zaidi. Njia hiyo ningeweza kuishika nikiwa kidato cha nne! Vyuo kama Arusha Technical, DIT pale Dar es Salaam, MUST kule Mbeya, wote wanachukua wa kidato cha nne wenye hesabu na fizikia nzuri, na selform ile ile ina nafasi ya kuchagua vyuo. Baada ya stashahada, ukiwa na GPA ya 3.0 kwenda juu unaomba shahada ya uhandisi kama kawaida. Miaka yangu miwili ya advansi haikunipa hata hatua moja kwenye safari hiyo. Wenzangu wa darasani walikuwa wananiita "mzee" na walikuwa na haki.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitairudia kwa kila mtu humu: anzeni na kozi, mrudi nyuma kwenye tahasusi. Leo jioni kaa na dogo, pakueni mwongozo wa TCU, tafuteni uhandisi wa ujenzi kwenye vyuo vitatu vinne, someni masharti kwa sauti. Mtaona Fizikia na Hisabati zinajirudia. Basi ni PCM, au PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) kama Kemia inamsumbua, ila hapo mhakikishe alama yake ya Kemia ya kidato cha nne inakubalika, maana vyuo vingine vinaiulizia. Mkimaliza fungueni na udaktari mlinganishe, muone kule wanataka Kemia, Baiolojia na Fizikia. Mtu hawezi kushika vyote viwili. Nani kakuambia "milango yote"?

Na kama selform imeshajazwa PCB, msikate tamaa. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, TAMISEMI hufungua mfumo wa kubadilisha tahasusi na vyuo kwa muda, na muda huo ukipita umepita. Fuatilia matangazo yao wenyewe, usingoje shule ikupigie simu. Hata akisharipoti kidato cha tano Julai, wiki za mwanzo anaweza kumwendea mkuu wa shule kuomba kuhamia PCM kama shule inayo. Aende na daftari la hesabu mkononi na aende mapema, kabla wenzake hawajafika mbali kwenye mada.

Kozi ya kompyuta, ndiyo, asome, miezi ya kusubiri kati ya mtihani wa Novemba na Julai ni mirefu. Lakini kila siku asubuhi aanze na hesabu za advansi, kompyuta mchana. Wanaofeli PCM wengi wanafika shuleni hawajagusa hesabu tangu Novemba.

Huyo mwalimu akikubishia mwonyeshe ukurasa wenyewe wa mwongozo. Halafu leta hapa alama za dogo za moko, Hisabati na Fizikia na Kemia, tuziangalie.