Mzee kakutwa na mshipa umetuna kichwani, tuuze shamba la zabibu?

Daktari shikamoo. Mzee wetu ana miaka 61, alianguka bafuni akapigwa MRI hapa Dodoma, hawakuona cha kumwangusha ila wakakuta mshipa wa mbele umetuna milimita 4. Daktari kasema tusubiri, arudie kipimo baada ya mwaka. Mjomba hataki kusikia, anasema hilo ni bomu, tuuze shamba la Hombolo mzee aende India. Presha anayo na sigara haachi. Tufanyeje?
Binti wa Nkuhungu

Marahaba binti. Shamba liacheni kwanza. Hiyo wanaita anyurizimu, ukuta wa mshipa umelegea sehemu moja pakatuna kama tairi la baiskeli lililochoka, na kwenye watu wazima 100 kama watatu hivi wanatembea nayo, wengi wao wanazeeka bila kujua. Ikipasuka ni balaa kweli, sikufichi, ndo maana mjomba kapaniki na simlaumu.

Ila hata kuitibu kuna hatari yake. Ama wanafungua fuvu wanabana kwa klipu, ama wanapitisha mrija kuanzia kinena mpaka kichwani wanajaza waya laini, na hata kwa mabingwa wapo wanaotoka pale na kiharusi. Sasa linganisha, kuna utafiti mkubwa wa 2003 ambao kwenye mishipa ya mbele iliyotuna chini ya milimita 7, kwa watu ambao hawajawahi kupasukiwa, hakuna uliopasuka ndani ya miaka 5, ila ya milimita 7 hadi 12 ilikuwa kama 2.6 kwa 100, na ya nyuma ya kichwa ni mibaya zaidi hata ikiwa midogo. Sisemi midogo haipasuki, inapasuka, ila mara chache, kwahiyo mimi niko na daktari wenu.

Muulizeni shangazi kama kuna ndugu wa damu waliokufa ghafla kwa kichwa, wakiwa wawili hesabu inabadilika. Kipimo kikionyesha imekua, au kope moja ikianza kushuka, hapo ndo mpande SGR mkawaone MOI, ile taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili Dar, India baadaye.

Kinachonitisha hapo ni sigara jamani! Sigara na presha ndo vinauchosha huo mshipa, tena dawa za presha ni kila siku, sio akijisikia vibaya tu. Na siku kichwa kikimpiga ghafla kama karushiwa jiwe, shingo ikakaza au akatapika, msimpe Panadol mkasubiri asubuhi, hospitali usiku huohuo.