Kwa mnaoanza CT ya uga-giza: mtetemo hauondoki kwa kulainisha picha

Wadogo zangu, CT ya uga-giza ni skani ya eksirei inayopima jinsi mionzi inavyotawanywa na vitu vidogo sana ndani ya mwili. Wiki hii nimeona tena picha zenye pete na mawimbi yanayoletwa na mtetemo wa mashine, na tena mtu kakimbilia kichujio cha kulainisha. Hebu tuelewane.

1. Skani ya hewa, yaani ile ya kulinganishia inayopigwa bila mgonjwa, ipigwe gantri (duara linalobeba chanzo cha mionzi na ditekta) ikizunguka, kwa kasi ileile ya mgonjwa. Ya gantri iliyosimama haifai.

2. Hapa nitakawia. Gretingi ni vyavu vya mistari midogo mno vinavyowekwa kwenye njia ya mionzi, navyo huchora michirizi kwenye ditekta. Vipindi vya gretingi zetu, yaani umbali kati ya mstari na mstari, ni maikromita chache tu. Gretingi ikisogea hata nusu maikromita, michirizi inahama. Kuhama huko kati ya picha na picha kunavumilika. Katika mashine ya Munich, Ujerumani, ambayo kundi la mwanafizikia Franz Pfeiffer liliitangaza mwaka 2022 kama CT ya uga-giza ya ukubwa wa binadamu, mtetemo wenyewe ndio unaotoa hatua za fezi, yaani kuihamisha michirizi kidogo kidogo ili ipimwe. Hatari ni mtetemo wa kasi, unaotokea ditekta ikiwa bado inakusanya mionzi ya picha moja. Huo hufifisha michirizi, na programu ikiona michirizi imefifia inahesabu kwamba mionzi imetawanywa na mwili.

Sasa fikirini mapafu. Vifuko vya hewa vilivyo vizima hutawanya mionzi sana. Emfisema, ugonjwa wa mapafu, ikivibomoa, ishara ya mtawanyiko hushuka. Kwa hiyo mtetemo unajaza ishara ya uongo palepale tunapotafuta upungufu, na mgonjwa anasomeka mzima! Kijana mmoja, mwerevu kwelikweli, alikuja akishangilia jinsi sponji yake, aliyoiskani badala ya pafu, ilivyong'aa. Nikamwonyesha chupa ya maji iliyokuwa kando yake: nayo inang'aa. Maji yana vifuko gani? Akasema ni ugumu wa miale, yaani mionzi dhaifu kufyonzwa kwanza na kubakiza ile yenye nguvu. Ingekuwa hivyo, ishara ingetulia kila mzunguko. Ya kwake ilipanda na kushuka. Alilainisha mpaka chupa ikazima, na nusu ya sponji ikaenda nayo. Tulirudi kwenye data ghafi, tukakadiria upya fezi (mahali michirizi ilipo) na uonekanaji wake (ilivyo wazi au imefifia) kwa kila picha, ndipo chupa ikatulia na sponji ikabaki.

3. Kwenye PCA ya skani za hewa, hesabu inayochambua mabadiliko makuu ya michirizi ili yaondolewe, chukueni vijenzi vichache. Ukizidisha, unafuta pafu.

4. Pembezoni mwa ditekta pabaki hewa tupu, ndipo makadirio ya mtetemo yanaposhika. Kifua kipana kikiziba pande zote mbili, niiteni kabla hamjaanza kuchakata.