Fuko katika nyasi za uani

SWALI: Kila asubuhi nakuta marundo mapya ya udongo katika nyasi za uani kwangu. Je, nikinyunyiza dawa ya kuua mabuu ya wadudu, fuko atahama? (Msomaji, Limuru)

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usinyunyize. Ushauri huo unahusu fuko wa Ulaya na Marekani, ambaye hula minyoo na wadudu, ilhali fuko wetu wa nyanda za juu ni wa jamii ya panya, hula mizizi na huchimba kwa meno ya mbele; dawa hiyo itaua bure viumbe wenye manufaa. Marundo mengi yasikutishe, kwani fuko huishi peke yake, na mmoja tu aweza kuyafanya yote. Fukua njia iliyo chini ya rundo lenye unyevu, utege mtego hapo, maana hurudi kuziba upenyo.