Paka wa nyumba ya pili

Swali lenu la wiki hii, "Unawazuiaje paka wa majirani wasiingie bustanini?", limenitonesha kidonda. Mngeniuliza nani alaumiwe, paka au mwenye paka, ningejibu kabla sijamaliza kusoma: mwenye paka. Kuku wa mtu akikuparulia bustani, mnaitana mkayamaliza. Mbwa vilevile. Ila paka, eti ndivyo alivyoumbwa. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Wa nyumba ya pili hawakumsemea.

Nilikuwa nimepanda karoti. Anayezijua anajua haziatikwi; unamwaga mbegu hapo hapo zitakapokulia, na udongo lazima uwe laini kama unga. Nilichambua kokoto kwa vidole, nikapiga reki mara mbili, nikaenda kulala nimeridhika. Kumbe nimemtandikia mtu choo. Asubuhi nikakuta kilima kidogo katikati ya tuta, kimesawazishwa kwa adabu kabisa, na mistari yangu mitatu imebaki mmoja na nusu. Nikazoa, nikapanda upya. Kesho yake vilevile, pale pale, maana paka hurudi penye harufu yake.

Siku ya tatu niliamka alfajiri nikamvizia dirishani. Akaja: wa kijivu, sikio moja limechanika, anatembea juu ya ukuta kama mwenye hati ya nyumba. Akanusa tuta zima, akachagua, akachimba, akageuka, akachuchumaa, akanikazia macho. Hakuyaondoa mpaka alipomaliza. Nikavurumisha kandambili, ikaangukia kwenye nyanya na kuvunja mche. Yeye alifukia kwanza, ndipo akaondoka.

Kwa hasira nikatawanya vile vidonge vyeupe vya kuwekea kabatini nguo zisiliwe na nondo. Jirani mwenye paka, mama mtu mzima, akaniona kutoka upande wake. Nilishajiandaa kugombana. "Mwanangu," akasema, "hiyo si sumu? Na wajukuu zangu si wanakuja kucheza hapo kwako?" Nikakosa la kujibu. Naftalini ni sumu kweli, kwa paka na kwa mtoto, na mtoto huiona pipi. Nikainama nikaviokota kimoja kimoja huku yule wa kijivu akinitazama kutoka ukutani. Pilipili ya unga nayo msinishauri: inamnata miguuni, anajilamba, inamfika machoni. Maganda ya machungwa yalisaidia mpaka yalipokauka.

Kilichoniokoa ni wavu wa banda la kuku, nikiulaza bapa juu ya udongo na kuukaza kwa vijiti. Miche hupenya kwenye matundu, paka hapati pa kukwangua. Palipobaki wazi napamwagilia jioni, kwa sababu anapenda pakavu. Naye yule mama, bila kuombwa, akamwaga mchanga mkavu kwenye pembe ya uwanja wake, penye kivuli. Siku nyingi mwenye sikio lake anaishia huko. Siku nyingi, sisemi zote.

Kuna pahali silegezi. Mkwe wangu ni mjamzito, na kinyesi cha paka huweza kuwa na kimelea cha Toxoplasma, ambacho hukaa udongoni hata zaidi ya mwaka na huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo bustanini haingii bila glavu, na mboga za hapo tunaziosha kama tunazidai. Ingawa, niseme haki, paka aliyeambukizwa kwa kawaida hukitoa kimelea hicho kwa wiki chache tu, mara nyingi mara moja maishani. Na ni siku nyingi sijaona mche uliotafunwa na panya. Huenda ni bahati tu. Huenda ni yule yule.

Sasa nikisoma nilivyoanza, naona nilimbebesha mwenye paka mzigo wote, na tuta laini nililitandika mwenyewe. Mkiniuliza leo, sina hakika nimlaumu nani, ila paka nimemtoa. Wavu, hata hivyo, nilinunua peke yangu. Nusu ya gharama ilimpasa yule mama, na sijapata namna ya kumwambia, maana juzi kaniletea mche wa nyanya badala ya ule ulioangukiwa na kandambili.