Gari Inayosumbua Asubuhi Ilale Gereji

Wiki hii tena nimemkuta kijana ameshafungua plagi zote nne za Toyota IST na kuzipanga juu ya kitambaa, huku mwenye gari akiulizwa kama ana hela ya koili, ile inayozipa plagi umeme. Malalamiko ya mteja yalikuwa mafupi: asubuhi inatetemeka, inataka kuzima, baada ya dakika mbili inatulia. Hapo ilikuwa saa sita mchana, na gari imetoka kuendeshwa kutoka Makambako. Kijana anatafuta ugonjwa ambao saa ile haupo!

Hapa Njombe, mwezi wa sita na wa saba, magari ya namna hii hayaishi gereji. Nawapenda, vijana, ndiyo maana leo nasema kwa ukali kidogo.

1. Gari ilale. Mwambie mteja aache ufunguo, na asubuhi mtu yeyote asiiwashe mpaka mashine ya kupimia ichomekwe. Weka ufunguo ON bila kupiga stata, kisha soma joto la kulanti, yaani maji ya kupoza injini, na joto la hewa inayoingia. Gari ikilala usiku kucha, namba hizo mbili lazima zikaribiane, na zilingane na baridi unayoisikia mwilini. Ukikuta hewa nyuzi 9 na kulanti nyuzi 60, umeshajua pa kuanzia kabla hujashika spana. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inadhani injini ina moto, kwa hiyo inabana mafuta, wakati petroli ya baridi haigeuki mvuke vizuri na nyingine inabaki imeloanisha kuta za inteki, njia ya hewa kuingia injini. Na usisubiri taa ya injini ikwambie. Taa huwaka waya ukikatika au ukipiga shoti, lakini 60 ni namba ya kawaida kabisa machoni pa kontroli boksi. Chomoa sensa ya joto la kulanti uipime kwa mita: kwa Toyota nyingi, kwenye nyuzi 20 utapata kama kilo-omu 2 hadi 3, na kwenye nyuzi 80 kama omu 300.

2. Betri na oili. Volti 12.6 ikiwa imepumzika, na isishuke chini ya 9.6 wakati wa kupiga stata. Injini inayotaka oili nyepesi ya 5W-30 usiimwagie nzito ya 20W-50 halafu ushangae stata inazunguka kivivu.

3. Sikiliza inatetemeka vipi. Ikitetemeka yote na sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka, fikiria hewa ya wizi: gasketi ya inteki manifoldi imekauka, au paipu ya vakyumu imepasuka. Sensa ya oksijeni haifanyi kazi mpaka ifike karibu nyuzi 300, kwa hiyo dakika ya kwanza kontroli boksi haina wa kuisahihisha. Ikishapata moto, inaongeza mafuta na kuficha ubovu.

Ikigoma kuwaka silinda moja tu, halafu ikajiponya yenyewe, uliza habari ya maji kabla ya kitu kingine chochote. Mwaka jana tuliletewa Premio ya mwalimu mmoja. Kijana wetu akabadilisha plagi. Gari ikaondoka imetulia, keshokutwa ikarudi. Akabadilisha koili, ikarudi. Akasafisha nozeli zinazonyunyiza mafuta, ikarudi. Kila safari ilijaribiwa ikiwa na moto, na kila safari ilionekana imepona. Kumbe kila Jumamosi Mwalimu alikuwa anaongeza maji kwenye rezeva, akiamini ndivyo gari zilivyo. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imetoboka kidogo sana. Jioni gari inapozimwa, mfumo wa maji bado una presha, na usiku presha hiyo inasukuma maji ndani ya silinda ya tatu. Asubuhi silinda inagoma, moshi mweupe unatoka nusu dakika, maji yanakwisha, injini inatulia.

Siku tuliyomulika tochi kwenye matundu ya plagi, pistoni tatu zilikuwa nyeusi kwa kaboni. Ya tatu ilikuwa inang'aa, imeoshwa na mvuke mpaka unaona alama za kiwandani. Lakini tulimulika tukiwa tumechelewa: gari ilikuwa imeshachemka mlimani na hedi imepinda. Mwalimu hakugomba. Aliuliza tu, "Hivi mafundi wangu, mbona siku zote hizo hamkuniuliza maji?" Gereji ilibeba nusu ya gharama, na hela ya koili tukamrudishia. Swali lile linaniuma mpaka leo, kwa sababu kuuliza maji hakuhitaji mashine wala shilingi. Siku hizi gari kama hiyo tunaifunga kipima presha kwenye rejeta jioni, tunaiacha, na asubuhi tunafungua plagi kabla ya kuwasha.

4. Kwa magari ambayo pampu ya mafuta hulia ukiweka ON, weka ON na OFF mara mbili, ndipo upige stata. Ikiwaka vizuri, presha ya mafuta inashuka usiku: angalia vali ya pampu na nozeli inayodondosha.

5. Hiace za dizeli, zenye injini ya 3L na wenzake. Zikitoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, usikimbilie pampu. Fungua kwanza kile kibati kinachounganisha hita plagi, zile zinazopasha moto silinda kabla ya kuwasha, maana ukipima zikiwa zimeungwa, nzima zinaificha mbovu. Pima moja moja: nzima huwa chini ya omu 2, iliyokufa haisomi kitu. Soma pia volti zilizoandikwa kwenye plagi, kwa sababu dukani zipo za 12 na za chini ya hapo, na ukikosea zinaungua. Na ile spirei ya etha ya kuamshia injini isiguse kabisa gari yenye hita plagi. Mvuke wake unashika moto ndani ya manifoldi, na anayekuwa ameinama pale juu ni wewe.